RF chanya si baridi yabisi, na namba yako haijapanda

Jumatatu amekuja tena. Ni fundi cherehani, miaka arobaini na kitu, na hii ni mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Mkononi ana karatasi zetu mbili za majibu ya kipimo cha damu cha RF (rheumatoid factor), zimekunjwa na kukunjuliwa hadi zinachanika. "Daktari, imepanda mara mbili!" (Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, ila hilo nilishaacha kulisahihisha.) Karatasi ya kwanza 32, ya pili 64. Anataka ya tatu. Usingizi hapati, jirani ameshamtabiria vidole vitapinda, na duka la dawa limeshamuuzia predinisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, ambayo kwa bahati alikuwa hajaanza kuimeza.

Sasa naandika, ili siku nyingine niwe naelekeza watu hapa.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayoniudhi zaidi. RF inayofanywa kwenye maabara nyingi za mitaani ni ya lateksi, yaani maji meupe yenye chembe ndogo sana zilizopakwa kingamwili. Tone la serumu, tone la lateksi, unachanganya kwenye kadi, unazungusha dakika mbili, unaangalia. Chembe zikijikusanya kama maziwa yaliyokatika, ni chanya. Hapo tunaanza kuzimua: nusu, robo, thumuni, tunaendelea hivyo mpaka chembe zisijikusanye tena. Hatua ya mwisho ambayo chembe zilijikusanya ndiyo tunayoihesabu, na kwa kuwa vitendanishi vingi vimepangwa vianze kushika kwenye 8 (uniti kwa mililita), tunazidisha kwa 8. Ndiyo maana majibu huwa 8, 16, 32, 64, 128. Hakuna 40 wala 50. Kutoka 32 kwenda 64 ni kuruka kidaraja kimoja, na kidaraja kimoja juu au chini ni mchezo wa kawaida wa njia hii. Sampuli ileile nikiisoma mimi asubuhi na mwenzangu mchana, tunaweza kupishana hapohapo. Ukichelewa kusoma, tone linakauka pembeni na kukuonyesha mkusanyiko ambao haupo. Na nakiri: kuna jioni nimeinamisha kadi kwenye mwanga wa dirisha mara nne nisijue niandike nini. Karatasi haisimulii hayo. Inasema 64, wino mweusi, na muhuri juu.

Ukienda maabara yenye mashine ukapata namba nyingine kabisa, usizilinganishe. Ni mizani mbili tofauti.

La pili ni jina, na hapa kosa ni letu. Ukutani kwetu kuna bango la bei limeandikwa "Kipimo cha baridi yabisi (RF)". Kwa Kiswahili cha nyumbani baridi yabisi ni kila kiungo kinachouma: goti la bibi lililosagika, gauti ya mjomba, mgongo wa mpagazi. Madaktari wakalichukua jina hilohilo wakalipa ugonjwa mmoja, ule ambao kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani ya viungo. Halafu sisi tukalibandika kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga iliyo kwenye damu. Maana RF ni hiyo tu: kingamwili inayoshika kingamwili nyingine, IgG. Mwaka 1940 Mnorwei Erik Waaler aliona serumu ya mgonjwa wa viungo ikigandanisha chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili za sungura, na jina la ugonjwa likaifuata hadi leo. Angekutana kwanza na mgonjwa mwenye maambukizi kwenye vali za moyo, pengine tungekuwa tunaiita kitu kingine, kwa sababu hao nao huwa nayo. Wenye homa ya ini C wanayo. Kifua kikuu, malaria, uzee mtupu: wote wanaweza kuileta.

Piga hesabu. Chukua watu wazima 1,000 wa mtaani. Wenye ugonjwa wenyewe, tuseme wengi sana ni 10, na kati yao kama 7 RF itakuwa chanya. Waliobaki ni 990, na takriban 5 katika kila 100 watakuwa chanya bila ugonjwa huo: kama 50. Umepata chanya 57, wagonjwa ni 7. Sasa pima watu ambao vifundo vya vidole vimevimba mikono yote miwili kwa zaidi ya wiki sita, na asubuhi vimekaza saa nzima: hapo chanya ileile ina uzito mwingine kabisa. Kiungo kilichovimba ndicho kinachoipa karatasi maana. Hata vigezo vya kimataifa vya 2010 vya kuutambua ugonjwa huu vinataka kwanza kiungo kimoja angalau kilichovimba kweli. Damu inaongeza pointi baadaye.

Na huku kwetu kuna chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, jina lenyewe la Kimakonde, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika 1952. Inaweza kukuachia vidole vinauma miezi. Sijui kwa nini watu hawaulizwi kuhusu homa waliyougua kabla.

Upande wa pili: RF hasi haikuachii huru. Wagonjwa kama 20 hadi 30 katika 100 hawana kabisa. Mtu mwenye mikono iliyovimba anayerudishwa nyumbani kwa sababu "damu iko safi" anapoteza miezi ambayo dawa ingefanya kazi vizuri zaidi.

Anti-CCP, kipimo kingine cha kingamwili za ugonjwa huu, inachuja vizuri kuliko RF, na ukiweza kuilipia, ilipie. Ila nayo imeonekana kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na kwa mikoa yetu hilo si jambo dogo.

Kisha kuna jambo ambalo sipendi kuulizwa. Uholanzi walifungua sampuli za zamani za wachangia damu waliokuja kuugua, wakakuta kingamwili zilikuwepo miaka kadhaa kabla kiungo hakijauma. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu "si kitu". Nikisema ni ugonjwa nadanganya, na nikisema si kitu sina uhakika.

Nilimuuliza yule dada fundi cherehani: asubuhi vidole vinakaza muda gani. Akashangaa. "Asubuhi? Asubuhi nashona mashati mawili kabla ya chai. Kinachouma ni kidole gumba, jioni." Nikamwambia hilo ndilo akaandike, na muda, na apige picha siku vikivimba, ampelekee bingwa wa viungo aliyepangiwa mwezi ujao. Predinisoloni isubiri, maana ikificha uvimbe, bingwa ataona mikono mizuri tu.

Hela ya kipimo cha tatu nilimrudishia. Bango la ukutani bado liko vilevile. Mhasibu anasema tukiandika RF peke yake hakuna atakayejua ni kipimo cha nini.