Je, wajua kwa nini raifali ya kukunja haifunguki inapofyatuliwa?

Raifali nyingi za kuwindia za Ulaya za karne ya 19 hukunjika katikati ili uingize risasi, na baruti hulipuka palepale penye mkato. Mbona hazifunguki?

Nguvu kubwa haielekei upande wa kufungukia. Ganda la risasi husukuma nyuma dhidi ya ukuta wa fremu, yaani kiwiliwili cha bunduki. Fremu inarudi, mitutu inataka kubaki, na ndoano iliyo chini ya mitutu, iliyokumbatia pini ya bawaba, huikokota ifuate. Komeo lina kazi nyingine: mitutu iko juu ya pini, hivyo kila mlio hujaribu kuinua sehemu yake ya nyuma.

Henry Jones, mtengenezaji bunduki wa Birmingham, alilijibu hilo mwaka 1859. Wenzo wake wa chini (mpini wa kufungia) unapozungushwa, meno yake yenye mteremko huingia kwenye mikato ya mitutu na kuivuta chini, mithili ya kukaza skrubu. Meno yakilika, wenzo unazunguka zaidi kidogo na kukaza vilevile. Ndiyo maana raifali nzito za tembo ziliendelea kuutumia. Ubaya wake ni uzito wa kazi: haujifungi wenyewe. Komeo la James Purdey la 1863 hurudishwa na springi, na W. W. Greener mwaka 1865 aliweka pini ya kukatisha juu ya mitutu, mbali na bawaba, ambako nguvu ndogo inatosha kuizuia.

Ukikagua ya zamani, hakikisha haina risasi, kisha vua ubao wa mbele, ulio chini ya mitutu. Springi yake huibana mitutu nyuma na kuficha ulegevu. Shika kitako, tikisa. Ielekeze kwenye taa: mwanga ukipenya kati ya mitutu na ukuta, usiifyatue. Kwa bunduki yenye wenzo wa komeo juu ya fremu, wenzo huo ukivuka kushoto mwa mstari wa katikati unaonyesha komeo limelika.

Wengi huziharibu kwa kuzifunga kwa kishindo. Shikilia wenzo wa juu kwa dole gumba, inua mitutu, ndipo uuachie.

Dawa ya ulegevu ni pini nene zaidi, au kuongeza chuma kwenye ndoano na kukipiga tupa taratibu, masizi ya taa yaliyopakwa yakionyesha panapogusana. Wapo wanaoigonga ndoano nyundo ivimbe. Hiyo ni ya kumuuzia mtu tu; chuma hubonyea tena upesi.