Kalamu ya gunzi la mahindi: ukaushe kwanza, patasi baadaye

Gunzi likishagandishwa ndani ya rezini (plastiki ya majimaji inayoganda) na kukerezwa kuwa mwili wa kalamu, vile vishimo vilivyoshika punje hujitokeza kama sega la nyuki: rezini katikati, ukuta wa kahawia au mwekundu pembeni. Ni urembo ambao mbao haina. Ila gunzi hunywa maji kama sifongo, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Rezini ya poliyurethani ina kemikali iitwayo isosayaneti, na isosayaneti ikikutana na maji hutoa kabonidioksaidi. Matokeo yake ni povu. Wengi hulaumu ukorogaji, lakini angalia viputo vilipo. Vya kukoroga hutawanyika kwenye rezini yote. Vya unyevu hulizunguka gunzi lenyewe, mara nyingi vikiwa na rangi ya maziwa.

Chagua gunzi lililonyooka, lililokaukia shambani, lisilo na ukungu wala matundu ya dumuzi. Kata milimita 130, sugua makapi kwa brashi ya waya, kisha lipulize kwa hewa. Pima uzito kwa mzani unaosoma sehemu ya kumi ya gramu, uliweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 105 za Selsiasi, na upime tena kila saa. Likitoa uzito uleule mara mbili mfululizo, limekauka. Usihesabu saa, hesabu gramu. Lipoe ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, kwa sababu hewa ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam italirudishia unyevu ukiliacha mezani. Mimi humimina siku hiyohiyo.

Kalibu ya silikoni ya milimita 25 kwa 25, urefu 140, hubeba takriban mililita 87 ikiwa tupu. Gunzi hujaza zaidi ya nusu, lakini andaa mililita 60 za rezini, kwa kuwa shinikizo litaisukuma ndani ya vitundu na kimo kitashuka. Gunzi huelea, kwa hiyo likandamize kwa waya. Changanya sehemu mbili za rezini kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo: kama ni kwa uzito, tumia mzani, usikisie kwa macho. Vaa glavu na barakoa ya kemikali. Isosayaneti hudhuru mapafu, na epoksi, gundi utakayoitumia baadaye, huweza kuizoesha ngozi mzio usioondoka.

Kalibu iingie kwenye mtungi wa shinikizo, paundi 50 kwa inchi ya mraba, na ikae humo hadi rezini igande kabisa. Ukifungua mapema viputo hutanuka tena. Mtungi uwe umetengenezwa kwa shinikizo hilo na uwe na vali ya usalama. Sufuria ya presha ya jikoni hubeba kama paundi 15 tu; kuisukumia 50 ni kutengeneza bomu.

Vibomba vya shaba vinavyogundishwa ndani ya kalamu, vile vya unene wa milimita 7, vina urefu wa karibu milimita 53. Kata gunzi lililoganda vipande vya milimita 60, toboa polepole, na uvute keekee nje kila baada ya milimita chache ili rezini isipate joto na kupasuka. Usitokeze upande wa pili: simama kabla, kisha kata ule mwisho kwa msumeno. Kama rezini inapitisha mwanga, paka rangi ndani ya tundu na juu ya kibomba, la sivyo shaba itaonekana. Sugua kibomba kwa msasa namba 150, ziba ncha zake kwa nta, gundisha kwa epoksi.

Kwenye mashine ya kukereza, mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, patasi iwe kali, ukila kidogokidogo. Sikiliza na utazame: utepe mrefu unaojiviringisha kwenye kazi ni dalili njema. Ukiona unga mweupe na vipande vinavyoruka, rudi kwenye jiwe la kunolea. Kiini laini cha gunzi kikijitokeza, kidondoshee supaglu nyepesi, iache ikauke, ndipo uendelee.

Kabla ya msasa wa maji, paka supaglu tabaka 6 hadi 8. Gunzi lililo wazi bado linakunywa, na maji ya msasa yatalivimbisha pale linapokutana na rezini; utahisi ukingo kwa kucha. Kisha 400, 600, 800, 1000, 2000. Kila namba, simamisha mashine na usugue kwa urefu kufuta mikwaruzo ya mzunguko.

Kuunganisha hufanyika kwa jiriwa iliyovalishwa mbao laini. Kifaa cha kuzungushia wino kibane kidogo, weka mrija wa wino, zungusha uone ncha inatoka kiasi gani, ubane tena. Kikizama kupita kiasi ni vigumu kukirudisha bila kupasua kalamu.