Kosa la pili barabarani: korti hulihesabu vipi?

Madereva wengi wanaoingia ofisini kwangu hapa Nakuru wana swali moja: "Wakili, nikikubali makosa nilipe faini niende zangu, kesi si imeisha?" Kesi imeisha, ndiyo. Lakini umetiwa hatiani, na hatia hiyo inaweza kutajwa tena siku nyingine mbele ya hakimu mwingine.

Chukua kifungu cha 47 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinachohusu kuendesha gari kwa njia ya hatari. Mara ya kwanza, faini haizidi Sh100,000, au ufungwe. Ukirudi kwa kosa hilohilo, faini inaweza kufika Sh300,000, na korti inafuta leseni yako na kukupiga marufuku kupata nyingine kwa muda. Faini watu huchanga: sacco, jamaa, hata abiria wa kila siku. Leseni haina mchango. Dereva wa matatu ya Kisumu–Busia akifutiwa leseni, amefutwa kazi siku hiyohiyo.

Sasa, hakimu anajuaje kwamba uliwahi kupatikana na hatia? Hapa ndipo watu hawaelewi, na ndipo haki yako ilipo. Rekodi yako ya zamani haipaswi kutajwa kabla hujapatikana na hatia katika kesi iliyo mbele ya korti. Uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, ambao mawakili wa Kenya wanaujua kwa kichwa, uliweka utaratibu: shtaka lisomwe kwa lugha unayoifahamu, jibu lako liandikwe kwa maneno yako mwenyewe kadiri inavyowezekana, mwendesha mashtaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka, nawe uulizwe kama maelezo hayo ni ya kweli. Ukipinga jambo la msingi, korti iandike kwamba umekana. Ukikubali yote, unatiwa hatiani. Baada ya hapo ndipo mwendesha mashtaka anapoulizwa kuhusu rekodi za awali.

Asubuhi yenye washtakiwa wengi, hatua hizo hupita upesi sana. Karani anasoma, dereva anaitikia "ni kweli," maelezo yanasomwa, "ni kweli" tena, kisha mwendesha mashtaka anasema, "Mheshimiwa, hana rekodi, achukuliwe kama mkosaji wa kwanza." Kwa hivyo mtu aliyetozwa faini Kisumu anaweza kuonekana mgeni kabisa Nakuru, kwa sababu tu faili la Kisumu halijaletwa. Hilo linaniudhi. Sisi wa barabara hii ya Nakuru kwenda Kericho, ambako watu zaidi ya 50 walikufa kwa ajali moja pale Londiani mwezi Juni 2023, hatuna sababu ya kutaka dereva mwenye mazoea ya hatari apite kama malaika.

Hata hivyo, dawa yake si kubahatisha. Mwendesha mashtaka akidai una rekodi nawe ukakana, ni juu yake kuthibitisha. Kifungu cha 142 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu nakala ya hukumu iliyoidhinishwa na korti iliyoitoa, au alama za vidole, pamoja na ushahidi kwamba mtu huyo ni wewe. Majina kufanana hakutoshi. Kina Otieno na kina Wafula ni wengi.

Mambo mengine hayahesabiwi kabisa. Kesi ambayo haijaamuliwa si rekodi. Onyo la polisi wa trafiki pale Mamboleo, Kisumu, si rekodi. Na ukishtakiwa kwa makosa mawili ya safari moja katika hati moja ya mashtaka, la pili halikufanyi mkosaji wa kurudia.

Pale kifungu kisipotaja adhabu maalumu ya kosa la pili, rekodi bado ina uzito. Hakimu huitazama anapochagua kati ya onyo, faini, kazi ya jamii na jela. Katika kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, kosa ambalo kifungo chake hufika miaka 10, maneno "hajawahi kushtakiwa" yanaweza kukupunguzia miaka.

Kwa hiyo usikubali makosa ili uwahi zamu. Kama hukutenda, kana. Kama Kiswahili cha karani kinakupita na unasikia Kidholuo au Kinandi, omba mkalimani; ni haki yako ya kikatiba na hulipi chochote. Ukishakubali mwenyewe, kifungu cha 348 cha sheria hiyohiyo ya mwenendo wa jinai kinakuzuia kukata rufaa kupinga hatia. Unabaki na nafasi ya kupinga ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu, na rufaa hiyo iwasilishwe ndani ya siku 14. Ukija kuniona siku ya ishirini, itabidi kwanza tuombe ruhusa ya Mahakama Kuu na kueleza kwa nini ulichelewa.