Wakili wa serikali si wa kila mshtakiwa

Filamu za Marekani zimetuharibu kidogo. Polisi anamfunga mtu pingu huku akimwambia kwamba asipomudu wakili atapewa mmoja, nasi tunaamini hata Kenya ni vivyo hivyo. Sivyo.

Katiba ya 2010, Ibara ya 50(2), ina haki mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, aya ya (g), ni kujichagulia wakili na kuelezwa mapema kwamba unayo haki hiyo. Hii ni ya kila mshtakiwa, ila ada unalipa wewe. Ya pili, aya ya (h), ndiyo ya wakili anayelipwa na serikali, na ina sharti: awepo tu iwapo bila yeye kutatokea dhuluma kubwa.

Dhuluma kubwa ni ipi? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilitaja mambo ya kupimwa: uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, uwezo wa kulipa, kama mshtakiwa ni mtoto au hajui kusoma, na ugumu wa kesi yenyewe. Ndiyo maana mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili Mahakama Kuu, ilhali aliyeiba kuku hujitetea mwenyewe kwa hakimu.

Lakini usinyamaze. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, kifungu cha 43, inaitaka mahakama imweleze haki hizi mshtakiwa asiye na wakili. Hakimu asipozitaja, ziulizie kabla ya shahidi wa kwanza kuanza.