Chambo Chepesi Hakitaki Rodi Legevu

"Chambo changu ni gramu saba tu, kwa hiyo nataka rodi laini kabisa." Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu aliyeniletea rodi yake laini kabisa ikiwa vipande vitatu. Kazi yangu ni kufunga pete za kupitishia uzi na kuunga rodi za kuvulia samaki zilizovunjika, kwa hiyo imani hii inanilisha na sina haki ya kuilalamikia. Lakini imenichosha.

Nazungumzia hori za pwani yetu ya Kenya, ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, Mtwapa, Kilifi na nyingine za namna hiyo, ambako unarusha chambo bandia kidogo kandokando ya mikoko ukimtafuta chewa, kolekole mdogo, au yule changu mwekundu anayekulia mikokoni kabla ya kuhamia miambani nje, Lutjanus argentimaculatus wa vitabuni. (Mida ni habari nyingine. Iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, kwa hiyo waulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza.) Chambo ni chepesi kwa sababu maji ni mafupi na samaki hawa wanakula vidagaa na kamba. Ila akishakula hakimbilii kina. Anarudi alikotoka, kwenye mizizi, na mizizi ya mkoko imevaa chaza wenye makali ya kukata uzi kabla hujamwita mwenzako atazame. Una mita moja ya kumgeuza, pengine mbili.

Kwa hiyo rodi ina kazi mbili zisizopatana: kurusha kitu ambacho karibu hakina uzito, na kumzuia mnyama asiyetaka kuzuilika. Ukichagua kwa kutazama uzito wa chambo peke yake, umenunua rodi ya kazi ya kwanza. Ya pili utaifanya kwa dua.

Watu wanachanganya nguvu ya rodi na mpindo wake, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Nguvu ni kiasi cha uzito kinachohitajika kuipinda. Mpindo ni mahali inapoanza kupindia: nchani, katikati, au mwili mzima hadi mkononi. Ni vitu viwili tofauti, na fundi anaweza kuvipanga atakavyo. Rodi ya hori zetu ina ncha laini juu ya shina gumu, kama chelewa lililochomekwa kwenye mpini wa jembe. Gramu saba zinaipinda ile ncha tu, na kwa kurusha hiyo inatosha. Samaki akivuta, ncha inajilaza mara moja na mzigo unashuka kwenye shina, ambako ndiko penye kazi.

Rodi laini mwili mzima inarusha vizuri, sibishi. Kwa kuchomeka chambo chini ya tawi kwa kupinda kiganja tu, inaishinda hata ile ninayokusifia. Tatizo linaanza samaki anapogeuka: rodi inapinda, inaendelea kupinda, nawe unaona raha kwamba "inacheza". Huo mchezo ndio mita moja aliyokuwa anaihitaji.

Basi wengine wakishasikia hayo wanakimbilia upande wa pili na kununua rodi ya kuvutia jodari. Hao nao nina neno nao.

Mtazame mzee wa mshipi ndani ya mtumbwi wake. Hana rodi. Chewa akila, anavuta kwa mikono miwili, uzi umenyooka kutoka kwenye kiganja hadi kwenye taya, na samaki anatoka. Anapoteza wachache kuliko sisi wenye vifaa vya bei. Sababu ni kwamba kwa kuvuta, rodi ni hasara: ni wenzo, na upande mrefu wa wenzo huo ameushika samaki. Fanya hesabu. Samaki anavuta kilo 3 kwenye ncha, na kutoka ncha hadi mkono wako wa mbele ni mita moja na nusu. Kutoka mkono huo hadi kitako cha rodi ni sentimita 30. Kitako kinasukuma tumbo lako kwa kilo 15. Rodi ikipinda, ule upande wa samaki unafupika. Ukifika mita moja, mzigo tumboni unashuka hadi kilo 10. Ndiyo maana gongo lisilopinda kabisa halikupi nguvu unayodhani linakupa. Linampa samaki nguvu juu ya mgongo wako.

Kama huamini, funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya sokoni, mtu aishike chini, nawe inua rodi juu mpaka isimame. Utatokwa jasho na sindano haitafika mbali. Kisha ishushe rodi mpaka ielekee karibu na mizani, uvute tena. Sindano inaruka. Kwenye mikoko, samaki anavutwa rodi ikiwa chini na pembeni. Kuinua rodi mpaka inyooshee kidole mbinguni ni kwa ajili ya picha, na ni njia ya hakika ya kuvunja theluthi ya juu, mahali ambapo rodi nyingi ninazoletewa zimevunjikia. Wenye nazo husema samaki alikuwa mkubwa mno. Nami huitikia, "Pole sana, kaka," kisha nataja bei.

Urefu, basi, usizidi sana mita 2. Ukiwa ndani ya boti huhitaji zaidi, na kila sentimita unayoongeza unamwongezea samaki wenzo. Anayevua kutoka ukingoni ana sababu ya kwenda 2.1 au 2.2, kwa kuwa lazima apitishe uzi juu ya matope na miche.

Maandishi ya kwenye shina sasa. Utaona 1/4–3/4, hizo ni aunsi, yaani gramu 7 hadi 21. Mnunuzi anaona saba pale mwanzoni na anaridhika. Usiridhike. Rodi nyingi hurusha kwa raha kuanzia karibu na katikati ya namba hizo; kwenye namba ya chini inarusha kwa kulazimishwa. Ila hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vimekubaliana. "Nguvu ya kati" ya kiwanda hiki ni "nzito" ya kiwanda kile. Kwa hiyo nikikwambia tafuta ya gramu 5 hadi 20 yenye nguvu ya kati kuelekea nzito, nimekupa pa kuanzia tu. Nenda dukani na chambo chako mfukoni, kining'inize kwenye ncha kwa kipande cha uzi, tikisa rodi taratibu. Ncha ikiitikia bila mwili wote kuyumba, umekaribia. Kisha mwenye duka ashike ncha, avute chini kidogo kidogo, nawe tazama shina linapoanza kukataa. Akigoma kushika ncha, badilisha duka.

Halafu kuna jambo ambalo lingeniokolea nusu ya mabishano haya. Umbali wa kurusha chambo chepesi unategemea uzi kuliko rodi. Nailoni ya kilo 9 ina unene wa takriban milimita 0.45. Uzi wa kusukwa wa kilo hizo hizo ni nusu yake tu. Mtu anarusha gramu 7 kwa nailoni nene iliyokaa kwenye rili tangu mwaka juzi, imejikunja kama chemchemi, chambo kinaanguka puani mwake, naye anailaumu rodi na kununua laini zaidi. Badilisha uzi kwanza! Mbele yake funga nusu mita hivi ya uzi mgumu wa fluorokaboni wa kilo 18, maana uzi wa kusukwa ukimgusa chaza umekwisha.

Rili: ya spini, ile ambayo ngoma yake imetulia unaporusha, ukubwa wa 3000 hivi. Ile ya ngoma inayozungushwa na uzito wa chambo chenyewe haipendi gramu saba, isipokuwa zile nyepesi maalumu ambazo Wajapani wamezifanya fani yao, na bei zake ni za Kijapani pia. Breki ya rili ifungwe iachie uzi kwa kilo 3 au 4, upime kwa mizani ile ile, si kwa kuvuta kwa vidole na kutikisa kichwa.

Nisichokuwa na msimamo nacho ni shina la kaboni dhidi ya la faiba ya kioo. Kaboni ni nyepesi na inahisi kila mguso. Ila kwenye boti iliyojaa watu na nanga, rodi ya kaboni hugongwa ubavuni, inabaki na jeraha lisiloonekana, na kuvunjika siku nyingine kwa samaki mdogo. Faiba iliyochanganywa na kaboni inavumilia zaidi, ingawa ncha yake huchelewa kutulia baada ya kurusha. Wateja wangu nawashauri mchanganyiko. Mwenyewe natumia kaboni, na sina hoja nzuri ya kuitetea. Tena, kuna siku nadhani nahodha anayerudisha boti nyuma samaki anapokula ana thamani kuliko rodi yoyote niliyowahi kufunga.

Chambo kikinasa kwenye mzizi, na kitanasa, rodi haihusiki tena. Ielekeze moja kwa moja kwenye mzizi, shika ngoma ya rili kwa kiganja, rudi nyuma mpaka ndoana inyooke au uzi ukatike, na geuza uso, kwa sababu chambo kikiachia kinakuja kasi kuelekea machoni. Na ukishachoka kununua vyambo vipya, ng'oa zile ndoana za mikia mitatu, weka moja moja, au tumia mpira wenye ndoana iliyofichwa mwilini. Samaki kadhaa zaidi watakuponyoka kwa sababu hiyo. Maji yanapokupwa wanatoka mizizini na kusimama kwenye midomo ya vijito, na hapo hata ndoana tatu hazina pa kunasa.