Picha ya kabaila wa Kiingereza: anza na mgongo wake

Muuzaji wa picha za kale za kuchorwa kwa rangi atakuonyesha uso kwanza: mashavu mekundu, koti la kuwindia, mbwa miguuni. Wewe igeuze picha. Upande wa mbele umeshapitiwa na mikono mingi. Mgongo kwa kawaida umeachwa ulivyo.

Pima kwa futi kamba. Wachoraji wa Uingereza wa karne ya 18 walitumia turubai za kitani (vitambaa vya kuchorea) za vipimo vilivyozoeleka: inchi 30 kwa 25 kwa kichwa na mabega, 36 kwa 28 mkono nao ukionekana, 50 kwa 40 kwa mtu mpaka magotini. Kipimo cha ajabu pamoja na kiwiko kilichokatika ghafla hunitia shaka kwamba picha imepunguzwa. Angalia nyuzi za pembezoni. Misumari ilipovuta kitambaa, nyuzi zilipinda mawimbi-mawimbi kuelekea kila msumari. Pande tatu zikiwa na mawimbi na wa nne umenyooka, huenda upande huo wa nne ndio uliopitiwa na kisu.

Ukiona mhuri wa ushuru wa serikali kwenye kitani, kitambaa ni cha kabla ya ushuru huo kufutwa mwaka 1831. Hapo umejua umri wa kitambaa tu. Rangi ingeweza kupakwa baadaye.

Mara nyingi, lakini, mgongo wa asili hauonekani, kwa sababu turubai la pili limebandikwa nyuma yake kwa gundi ya wanyama iliyochanganywa na unga, kisha likapigwa pasi. Pasi ikizidi moto au uzito, rangi iliyopakwa nene hulala. Mulika tochi kutoka ubavuni kwenye lesi ya shingoni: matone ya rangi nyeupe yanapaswa kuinuka na kutupa kivuli. Yakiwa bapa, hakuna fundi wa kuyainua tena.

Gizani, washa taa ya urujuanimno (UV). Vanishi ya zamani ya utomvu, yaani tabaka angavu lililopakwa juu ya rangi, hung'aa kijani hafifu, na marekebisho yaliyofanywa juu yake huonekana mabaka meusi. Saini iliyokaa juu ya vanishi hiyo ni ya kutiliwa shaka, hata iwe na jina kubwa kiasi gani.

Kusafisha? Si kwa mkate, viazi wala sabuni, ushauri unaozunguka kila mahali. Fundi hujaribu kipande kisichofika sentimita moja pembeni, kwa pamba iliyoloweshwa mate, akiviringisha bila kusugua. Pamba ikitoka na rangi badala ya uchafu, anaacha. Hatari kubwa iko kwenye vivuli vya kahawia vyenye lami: lami haikauki sawasawa, hupasuka nyufa pana, na viyeyusho vya vanishi huichukua nayo.

Na uso ukiwa mweupe kama wa mgonjwa, usilaumu vanishi. Joshua Reynolds, mchoraji wa Kiingereza wa karne ya 18, alitumia wekundu wa wadudu wa kochinili, ambao hufifia kwa mwanga. Baadhi ya nyuso alizochora zilipauka yeye mwenyewe akiwa hai. Wekundu huo haupo tena chini ya uchafu, kwa hiyo usimlipe mtu anayeahidi kuurudisha kwa kusafisha.