Je, wajua kwa nini sukari inaweza kushuka kwa mtu asiye na kisukari?

Wengi tukisikia sukari imeshuka tunamfikiria mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini halafu akachelewa kula, na kweli mara nyingi ndo inavyokuwa. Ila kuna watu hawana kisukari, sindano ya insulini hawajawahi kuigusa, na bado sukari inaporomoka hadi chini ya 3 (mmol/L), jasho linawatoka, mikono inatetemeka, wengine wanaongea vitu visivyoeleweka au wanazimia kabisa.

Sababu mojawapo ni ugonjwa wa Hirata (insulin autoimmune syndrome), ambao kinga ya mwili inaigeukia insulini ya mtu mwenyewe. Daktari Yukimasa Hirata wa Japani ndo aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1970, na wagonjwa wengi wanaojulikana mpaka leo ni wa hukohuko, wengi wao wana jeni ya kinga inayoitwa HLA-DR4.

Sasa inakuwaje? Mtu anakula wali wake, kongosho linamwaga insulini kama kawaida, lakini kingamwili zake mwenyewe (antibodies) zinaidaka humohumo kwenye damu. Insulini iliyodakwa haifanyi kazi, kwa hiyo sukari inapanda, kongosho linamwaga nyingine, nayo inadakwa. Masaa yanapita, sukari ya chakula imeshaanza kupungua, na hapo ndo kingamwili zinaiachia ile insulini yote iliyojilimbikiza, maana hazikuwa zimeishika kwa nguvu, ikishaachiwa inafanya kazi wakati hakuna chakula chochote cha kuifanyia kazi. Ndo maana mtu huyohuyo akipimwa baada ya kula sukari iko juu, usiku wa manane iko chini.

Mara nyingi kichocheo ni dawa. Insulini ni minyororo miwili iliyoungwa kwa salfa, na dawa zenye salfa ya aina fulani zinadhaniwa kuvilegeza viungo vile mpaka kinga inaiona insulini kama kitu kigeni. Methimazoli ya tezi ya shingo ndo inatajwa sana (kabimazoli pia, kwa sababu ikiingia mwilini inageuka kuwa methimazoli), ipo kaptopril ya presha, na ipo asidi ya alfa-lipoiki inayouzwa kama kirutubisho. Hii ya mwisho inanipa wasiwasi kweli, watu wanainunua bila cheti na daktari akiuliza unatumia dawa gani hawaitaji kabisa!

Kwenye vipimo unakuta insulini iko juu mno, hata zaidi ya 100 (µU/mL), wakati sukari ikishuka ilitakiwa iwe kidogo sana. Mgonjwa anaweza kushukiwa anajidunga kisirisiri, lakini anayejidunga C-peptidi yake (kipande kinachotoka kongosho linapotengeneza insulini) inakuwa chini, ya huyu haiko chini kwa sababu insulini ni ya kongosho lake mwenyewe. Wengine wamedhaniwa wana uvimbe, wakapasuliwa kongosho na uvimbe wenyewe haukuwepo, inauma sana. Kipimo cha kingamwili za insulini kifanyike kabla ya kisu.

Matibabu mara nyingi ni daktari kuisitisha au kuibadilisha dawa iliyochochea (usiache mwenyewe tafadhali), kula kidogokidogo mara nyingi na kupunguza wanga, ikizidi wanatoa steroidi (dawa za kutuliza kinga). Wengi wanapona ndani ya miezi michache tu.